Jinsi ya kuupitia mwaka wako wa kusoma vitabu (na usianze kwa kufungua listi)

Kuna siku nilichukua riwaya moja ya upelelezi nikawa naisoma kwa raha zangu kabisa, nikafika sura ya 4, nikakuta pembeni mwa ukurasa mtu kaandika kwa penseli "dereva ndo muuaji". Nikakasirika kweli, nani huyu anawaharibia wenzake utamu, afu nikautazama vizuri ule mwandiko nikaona mbona kama naujua. Ulikuwa wangu. Kumbe kile kitabu nilishakisoma, nikamgundua muuaji mapema, nikajisifia kwa penseli, na mwaka mmoja na kidogo baadaye kichwani hakijabaki chochote, si dereva si gari.

Nilikuja kujifariji nilipojua siko peke yangu. Michel de Montaigne, yule mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, alikiri wazi kwamba kumbukumbu yake ni mbovu mpaka ameshawahi kushika kitabu akidhani kipya kumbe miaka michache nyuma alikisoma kwa makini na kukijaza nota zake mwenyewe. Dawa aliyojitafutia ni ndogo tu, akimaliza kitabu anaandika mwishoni tarehe aliyomaliza na maoni yake kwa ujumla. Basi. Nitairudia hii huko mbele maana imenisaidia kuliko apu zote nilizojaribu.

Sasa ninachotaka kukuelekeza hapa ni kuupitia mwaka mzima wa kusoma, na sio kule kujumlisha vitabu ukasema "nimesoma 37" watu wakakupongeza halafu mambo yakaishia hapo. Namba tutafika, ila mwishoni. Kwanza tunataka kujua nini kimebaki, na hapo mpangilio ni muhimu sana, yaani ukianza kwa kufungua listi umeshajiharibia, hutajua tena ungekumbuka nini bila kukumbushwa.

Siku ya kwanza, karatasi tupu

Tafuta nusu saa ambayo hakuna mtu atakusumbua. Simu iweke mbali, na kama una shelfu la vitabu lipe mgongo. Andika kila kitabu unachokumbuka umekisoma tangu mwaka uanze. Jina likija sawa, lisipokuja andika chochote kile, "kile cha mapacha na kisima", "kile chenye jalada la bluu nilikisoma nikiwa naumwa", "kile cha mchwa". Usijirekebishe, usiulize mtu.

Pembeni ya kila kimoja weka kitu kimoja tu kilichobaki. Sitaki muhtasari, nataka kitu, inaweza kuwa tukio, sentensi, jinsi mtu fulani alivyokuwa anakohoa kabla ya kudanganya, au hata ile hali tu ya kuogopa kufunua ukurasa unaofuata. Kwa vitabu vya maarifa andika jambo ambalo sa hivi unalifanya tofauti au unalielewa tofauti kwa sababu yake. Kama hakuna, chora mstari uende mbele. Usitunge, hapa hakuna mtihani na hakuna atakayesahihisha.

Baada ya kama dakika kumi utaona mambo yamekauka, unabaki unatazama dari. Usinyanyuke. Anza kupita mwezi mwezi: mwezi wa kwanza nilikuwa nafanya nini, nilikuwa nalala saa ngapi, nilikuwa na nani, nilisafiri? Vitabu huwa vinajishikiza kwenye mahali ulipokuwa. Mi kuna vitabu vinne vilirudi vyote kwa mpigo nilipokumbuka tu kwamba kulikuwa na wiki tatu nilikuwa nashinda kwenye benchi la hospitali kumsubiri mgonjwa, nikaona mpaka rangi ya ukuta, na kwenye ukuta nikaviona vitabu.

Na listi ikiwa fupi usishtuke. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima kumbukumbu mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, afu anaangalia akirudia kuzikariri kazi imempungua kiasi gani, na matokeo aliyachapisha 1885. Baada ya dakika 20 alikuwa kabakiwa na kama 58%, baada ya siku moja kama 34%, baada ya mwezi kama 21%. Yaani hasara kubwa unaipata siku ileile ya kwanza, baada ya hapo inavuja taratibu. Sasa zile zilikuwa silabi zisizo na kichwa wala miguu, stori yenye watu na visa inashika zaidi, kwa hiyo usizichukue hizo asilimia ukazibandika kwenye riwaya zako. Ila kitu ulichokisoma mwezi wa 2 na mpaka leo kipo, ujue kimepita kwenye chujio kali.

Andika tarehe juu ya karatasi, ikunje, iweke. Usiendelee siku hiyohiyo. Najua utatamani.

Siku ya pili, kutafuta ushahidi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kama mwaka mzima hukuwa na daftari basi leo unakuwa mpelelezi. Uzuri ni kwamba msomaji anaacha nyayo nyingi kuliko anavyodhani.

Anza na vitabu vyenyewe, sio shelfu tu, na chini ya kitanda, kwenye begi, kwenye gari, na vile ulivyoazima watu (hii nayo ni nafasi nzuri ya kuvidai). Vifunue. Ule upuuzi tunaotumia kama alama ya ukurasa, tiketi, risiti, kikaratasi cha dawa, mara nyingi una tarehe, na tarehe hiyo ndo inakuambia ulikuwa kwenye hiki kitabu lini na uliishia wapi. Nishawahi kukuta tiketi ya basi ukurasa wa 112 nikajua kabisa safari ilipoisha na kitabu kiliishia palepale.

Kwenye simu ingia kwenye picha, pitia skrinshoti na zile kurasa tulizopiga picha tukisema nitairudia hii sentensi. Ingia kwenye meseji, tafuta neno "kitabu" au "nasoma", utashangaa ulivyokuwa unamsimulia mtu kwa furaha kitu ambacho leo hukikumbuki kabisa. Angalia folda la mafaili uliyodanlodi, PDF zinajificha humo. Kama unasikiliza vitabu badala ya kusoma, apu yenyewe inatunza historia. Mwenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, aichomeke kwenye kompyuta, ndani ya folda la documents kuna faili linaitwa My Clippings.txt, kila sentensi uliyoipigia mstari ukiwa kwenye kifaa hicho imo na tarehe yake, na hilo faili watu wengi wanalo miaka hawajui kama lipo. Unayeazima maktaba, waulize kama akaunti yako inaonyesha ulivyoazima huko nyuma, baadhi zinatunza, baadhi zinafuta makusudi kulinda siri ya msomaji.

Vyote viweke kwenye listi moja mpya. Daftari au spredishiti, vyovyote. Ile karatasi ya jana bado usiifungue.

Hapa ndo linakuja swali la kipi kihesabiwe, na watu wanaligombania hili kama mirathi. UNESCO mwaka 1964 kwa ajili ya takwimu zao waliweka kwamba kitabu ni chapisho lisilo la mfululizo (yaani si gazeti wala jarida) lenye angalau kurasa 49 bila kuhesabu majalada, chini ya hapo ni kijitabu. Wao walihitaji mstari, we huuhitaji. Mi naingiza kila kilichonikalisha chini: cha kusikiliza ni kitabu, nilichorudia ni kitabu, cha hadithi nilichowasomea watoto mara 60 ni kitabu na pengine ndo nakijua kuliko vyote. Ila naweka safu ya pembeni inasema kimekwisha, kimeachwa, au kimerukwarukwa, maana kuna kusoma na kuna kuperuzi, na mwenyewe unajua.

Fungua karatasi

Sasa weka karatasi ya jana na listi ya leo pamoja. Hii ndo sehemu yenyewe, kwa hiyo usiiharakishe.

Utapata makundi matatu. Vya kwanza vipo pande zote, umevikumbuka na kweli umevisoma, hivyo vizungushie duara uviache kwa sasa.

La pili ni vilivyo kwenye listi lakini kwenye karatasi havipo, na kwa wengi wetu hili ndo kundi kubwa. Mwaka wangu wa kwanza kufanya hivi nilikuwa na vitabu 41, karatasini nilikuwa nimeandika 16, na kati ya hivyo 16 vitano nilikuwa nimechora mstari tu. Iliniuma. Nilikaa naviangalia vile 25 kama watu uliokaa nao kiti kimoja safari nzima hukuwauliza hata majina. Kwa kila kimoja kwenye kundi hili fungua katikati, popote, soma ukurasa mmoja. Kuna ambavyo vitarudi vyote kama taa imewashwa, hivyo havijapotea, vilikuwa vimelala tu, viwekee tiki. Kuna ambavyo utasoma ukurasa mzima kama unasoma barua ya mtu mwingine, hivyo jiulize ulikuwa unavisoma kwa nini. Majibu yangu yalikuwa ya aibu kidogo: vingi nilivisoma usiku wa manane macho yanafunga, au nilivisoma kwa spidi ili namba ipande, au kila mtu alikuwa anavisema. Kimoja kilikuwa kizuri kabisa, ubaya wake ni kwamba nilikimaliza asubuhi na mchana nikaanza kingine, hakikupata hata siku moja ya kutulia kichwani.

La tatu ni dogo lakini linachekesha, vitu vilivyo kwenye karatasi lakini ushahidi hakuna. Vingine utakuta ni vya mwaka juzi, vimekukaa kiasi kwamba unaviona vya karibu, hiyo ni sifa kubwa sana kwa kitabu. Vingine hujawahi kuvisoma kabisa! Ulisikiliza mtu akivichambua, ukatazama filamu yake, ukasoma muhtasari, na sasa unajiona msomaji wake. Mi nilikuwa nacho kimoja, nimekitetea kwenye mabishano, nimekipendekeza kwa watu wawili, kumbe nilichosoma ni utangulizi tu.

Vile ulivyoviacha njiani

Watu wakipitia mwaka wao hivi wanavificha, na mi naona ndo vinasema ukweli zaidi, kwa sababu kitabu unaweza kukimaliza kwa ukaidi tu lakini kukiacha lazima kitu kimetokea.

Andika kila ulichoacha na ukurasa ulioishia. Angalia zile namba za kurasa, zina umbo. Ukikuta unaishia kurasa za 20 mpaka 40 kila mara, tatizo liko kwenye kuchagua, unadanganywa na majalada na sifa za watu. Ukikuta unaishia katikati, pale kwenye 150 hivi, mara nyingi unaanza vitabu vingi kwa wakati mmoja, kimoja kinamnyang'anya mwenzake. Na kama kuna ulichokiachia kurasa 30 za mwisho, hicho usikiite kibaya, hicho jiulize vizuri. Nina riwaya moja nimeiacha zimebaki sura mbili, nimegundua sitaki yule bibi afe, na najua atakufa.

Afu vigawe: kitabu kilikuwa kibaya, au wakati ulikuwa mbaya, au mi nilikuwa sijakifikia bado. Hivi viwili vya mwisho usivitoe nyumbani. Cha kwanza mpe mtu anayekipenda, wapo.

Namba, sasa ruksa

Ukishafanya yote hayo hesabu zitakuwa na maana. Ila chagua chache. Jumla ya vitabu haisemi kitu, maana diwani ya kurasa 60 na riwaya ya kurasa 700 zote zinaandikwa 1. Ukitaka kulinganisha tumia kurasa, au muda.

Muda unaupata hivi. Marc Brysbaert, mtafiti wa saikolojia, mwaka 2019 alikusanya tafiti za watu wazima wanaosoma Kiingereza kimyakimya akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi ya maarifa na 260 kwa hadithi. Kiswahili chetu neno moja linabeba mzigo wa maneno manne, "nilivyokuambia" ni neno moja, kwa hiyo kwetu namba haiwezi kuwa ileile, jipime mwenyewe kwa dakika kumi uone unaenda kurasa ngapi. Tuseme kitabu cha kurasa 300 kina maneno elfu 80, kwa spidi ya maneno 238 ni kama saa tano na nusu. Ukisoma dakika 20 kwa siku unakimaliza siku kama 17, mwaka mzima ni vitabu 21. Dakika 20 tu! Huo mtindo wa kulala na simu mkononi unakula zaidi ya hapo. Kitabu hichohicho ukikisikiliza kwa msomaji wa maneno 150 kwa dakika kinakwenda karibu saa tisa, kwa hiyo wanaosema kusikiliza ni njia ya mkato hawajapiga hesabu.

Kuna safu moja ambayo ningekuambia uiweke hata kama nyingine zote umezitupa: kitabu hiki nilikijuaje. Rafiki gani, mwalimu, tangazo, kimetajwa ndani ya kitabu kingine, nimekiona tu nikakipenda jina. Afu angalia vile ulivyovizungushia duara vimetoka wapi. Mi nilipofanya hivi niligundua karibu vyote vilivyonikaa vimetoka kwa watu wawili, dada yangu na jamaa mmoja niliyesoma naye, na vile nilivyonunua kwa sababu ya makelele ya mtandaoni karibu vyote viko kundi la waliosahaulika. Tangu hapo nawasumbua hao wawili kila baada ya miezi mitatu.

Ukipenda angalia na lugha, waandishi waliokufa na walio hai, wanawake na wanaume, vya kubuni na vya maarifa. Usiweke asilimia tu kama vitabu vyenyewe ni 12, kitabu kimoja tu ni 8% na hakuna mwenendo hapo, ni bahati.

Nyota nazo, zile za 1 mpaka 5 za kukipima kitabu, ulizitoa kitabu bado kina moto mkononi. Usizifute. Andika nyota ya leo pembeni ya ile ya siku ile. Kilichoshuka kutoka 5 kwenda 3 kilikuwa kitamu cha kupita, hakuna ubaya. Kilichopanda kutoka 3 kwenda 5 ndo cha kukimbilia kukirudia, maana kimekuwa kinakufanyia kazi kimyakimya we huna habari.

Kuandika

Ukurasa mmoja unatosha, na usiandike sentensi moja kwa kila kitabu, itakuwa orodha ya mahudhurio. Chagua kimoja, sio lazima kiwe bora, kiwe kile ambacho umejikuta unakifikiria ukiwa unafua au unasubiri usafiri, andika nusu ukurasa juu yake tu. Nusu inayobaki jibu chochote kati ya haya: kipi kilinifanya nibadilishe mawazo, kipi nilikisoma kwa kutaka kuonekana, kipi nimempa mtu, mwezi gani sikusoma kabisa na kulikuwa na nini. Huo mwezi mtupu usiuruke. Wangu mmoja ulikuwa mwezi wa msiba na mwingine ulikuwa mwezi niliokuwa na furaha sana, huwezi kuvijua ukitazama grafu.

Kuhusu mwakani, sipendi malengo ya namba, yamenifanya nichague vitabu vyembamba kama mtu anayenunua viatu kwa kuangalia boksi. Badilisha jambo moja tu kutokana na ulichokiona. Mi nililibadilisha hili la kupumzika, nikimaliza kitabu siku mbili sigusi kingine. Na listi ya "nitasoma" itenganishe na ya "nimesoma", Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, kuanzia 1838 mpaka 1860 alikuwa na madaftari ya hivyo hivyo, huku vitabu vya kusoma, huku alivyosoma, na yeye alikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Na ile ya Montaigne anza leo na kitabu ulichonacho mkononi. Ukimaliza, ukurasa wa mwisho mtupu, tarehe na sentensi tatu: nilikuwa wapi, nimeonaje, nini kimenigusa. Kama si chako, kikaratasi. Mwisho wa mwaka siku ya pili itakuwa ya saa moja badala ya mchana mzima.

Ile karatasi ya siku ya kwanza usiitupe baada ya haya yote. Ichomeke ndani ya kile kitabu ulichokiandikia nusu ukurasa, utaikuta siku ukirudi kukisoma tena, ukidhani ni kipya.